Bembea ya Kimya

Nikisema mume wangu na mdogo wangu wanafanya kazi kwenye bembea, watu hucheka. Wanadhani ni mambo ya watoto. Basi niwaeleze mara moja tusisumbuane: sisi ni wasafisha vioo vya maghorofa. Bembea ndilo jina letu la lile jukwaa refu la chuma linaloning'inia nje ya jengo kwa nyaya mbili, wasafishaji wawili ndani, mmoja kila upande, ndoo katikati. Kila upande una mota yake, na kila mtu ana kitufe cha mota yake. Wakibonyeza pamoja, bembea inashuka imetulia. Akibonyeza mmoja peke yake, inalala upande, na hapo Mungu atusaidie.

Mimi hukaa juu ya paa. Natazama nyaya, natazama kamba za usalama, na swichi kuu ya umeme iko kwangu. Nikiizima, bembea inaganda pale pale ilipo. Kuna wanaume pale kazini hawapendi swichi kushikwa na mwanamke, tena mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki. Watazoea.

Jozi zote za bembea zilikuwa na desturi moja. Kabla ya kubonyeza, wa kulia anauliza kwa sauti: "Tayari?" Wa kushoto anajibu "Tayari" au anajibu "Bado." Akisema bado, hakuna anayegusa kitufe, hata kama msimamizi yuko chini anatukana mpaka sauti inakauka. Mume wangu ndiye aliyemfundisha mdogo wangu kazi hii, na somo la kwanza alilompa lilikuwa hilo. Alimwambia, "Shemeji, usipojibiwa hujaambiwa kitu. Uliza tena." Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu.

Walikuwa wakipendana wale, msione hivi. Walipigiana kelele za "tayari" na "bado" kutwa nzima na katikati wakitaniana, mpaka wapangaji wa ndani wanafungua pazia kuona kuna nini. Mdogo wangu akimwambia mume wangu, "Shemeji, bado nini? Unajipaka mafuta?" Mume wangu akimjibu, "Dada yako ananitazama kutoka juu, lazima nipendeze." Mimi juu ya paa najifanya sisikii, kumbe nacheka peke yangu.

Kisha mama akafariki.

Mama alikuwa akikaa kwa mdogo wangu, ghorofani. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu, na daktari alikataza asishuke ngazi bila mtu. Tulikuwa tukipokezana kukaa naye. Wiki ile mimi nilipelekwa mji mwingine kwenye jengo moja la huko, wakabaki wao wawili kupanga. Jioni moja, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mdogo wangu akamwambia mume wangu, "Shemeji, kesho uko mapumziko. Utakaa na mama?" Mume wangu alikuwa amekaa kwenye benchi, ameinama anafungua buti. Kesho hiyo alikuwa amemwahidi baba yake kumpeleka kliniki ya macho. Sasa unamwambiaje shemeji yako hapana, na anayezungumziwa ni mama mkwe? Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akitafuta namna ya kulisema. Alipoinua kichwa, gari la wafanyakazi lilikuwa limeshapiga honi nje na mdogo wangu ameshatoka.

Mdogo wangu akaenda nyumbani akamwambia mama, "Kesho mkweo atakuja." Kwake yeye, aliyenyamaza alikuwa amekubali.

Asubuhi mama alivaa nguo nzuri, kwa heshima ya mkwe. Alingoja. Jirani wa chini anasema alimsikia akiuliza kutoka juu ya ngazi, "Mkwe wangu hajafika?" mara ya kwanza, na mara ya pili. Mara ya tatu hakuuliza. Alishuka kumtazama mwenyewe, akaanguka ngazini. Jioni ile ile alitutoka, hospitalini, mimi niko kwenye basi narudi.

Baada ya maziko waliambiana mara moja tu, mbele ya wazee wa familia. Mdogo wangu alisema, "Alikubali." Mume wangu alisema, "Sikukubali." "Ulinyamaza." "Kunyamaza siyo kukubali." Wazee wakatikisa vichwa, wakasema haya ni ya Mungu, tusameheane. Kuanzia hapo hawakusemeshana tena. Mimi niliwachukia wote wawili, nasema kweli. Mmoja nalala naye kitanda kimoja, mwingine tumenyonya ziwa moja, na nikiwatazama namwona mama amesimama kwenye ngazi na nguo yake nzuri.

Mtu angedhani wataomba kutenganishwa kazini. Wapi. Kila mmoja alingoja mwenzake ndiye aombe, maana anayeomba ndiye mwenye hatia. Kwa hiyo kila asubuhi waliingia bembea moja, wakageuziana migongo, wakashuka.

Sasa bembea haishuki bila makubaliano, na hawa hawasemi. Mdogo wangu akaanza kugonga sakafu kwa kisigino. Chuma kinapeleka mtikisiko mpaka upande wa pili. Mume wangu anausikia miguuni, naye anagonga chake, wanabonyeza. Hawakupanga, lilitokea tu. Na kwa sababu walikuwa mafundi, walishuka vizuri kuliko walivyokuwa wakishuka na kelele zao. Aliyewatazama kutoka chini angesema hawa ni mtu mmoja mwenye mikono minne. Mimi nilikuwa nawatazama kutoka juu, mkono haubanduki kwenye swichi. Kisigino kinaweza kusema tayari. Hakiwezi kusema bado.

Niliwaambia. Nyumbani nilimwambia mume wangu, "Fungua mdomo ukiwa kule, hata kama humpendi." Akasema, "Na yeye je, kafungwa mdomo?" Nikampigia mdogo wangu simu, akaniambia, "Dada, kazi inakwenda, acha." Wote wawili wananiambia mimi, kana kwamba mimi ni posta.

Wakati huo kampuni ilikuwa na balaa lake. Jozi mbili zilikuwa zimeshikana mashati stoo kwa sababu ya ndoo, kazi zilikuwa zinachelewa, na wapangaji wa majengo walilalamika kwamba tunawapigia makelele madirishani. Msimamizi wetu, mtu wa jasho jepesi na tai inayomkaba, akaleta mtaalamu wa kutufundisha ushirikiano. Mama mmoja mpole, amevaa miwani, sauti ya kubembeleza mtoto. Kila kitu kwake kilianza kwa kukaa duara, tukamwita Bi Duara kabla hajamaliza kujitambulisha.

Akatukumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mzee wa stoo akanong'ona, "Hivyo vingine vinavunjana vyenyewe," duara likacheka, na Bi Duara naye akacheka. Sikumchukia. Alituuliza maswali ya maana, alisikiliza, na siku ya pili alivaa kofia ngumu akaja kututazama kazini, jambo ambalo msimamizi hulifanya akiwa na wageni tu.

Akaona jozi zote. Akaona Mapacha, vijana wawili wasio hata ndugu, wanaitwa hivyo kwa kufanana vitambi, wanagombana kila ghorofa. Kisha akaiona bembea ya watu wangu inateremka bila neno, vitambaa vinakwenda na kurudi pamoja, ndoo haitikisiki. Alisimama akaitazama mpaka chini. Jioni kwenye duara akasema, "Leo nimeona ushirikiano wa kweli. Watu wanaoaminiana mpaka hawahitaji kusema." Akawaomba wasimame. Walisimama, mmoja kila upande wa duara, na watu wakawapigia makofi.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameinama anatazama buti zake.

Bi Duara akawauliza, "Siri yenu ni nini?" Mdogo wangu akasema, "Mazoea tu, mama." Nusu ya watu mle ndani walijua, walikuja matanga kwetu, walikula kwetu. Hakuna aliyetoa neno. Ya ndani hayatoki nje, ndivyo tulivyolelewa, na mimi mwenye mdomo usio na breki nikabana meno mpaka taya ikauma. Yule mama alibaki akiwatazama kwa muda, kama mtu aliyesikia harufu ya kitu kinaungua asijue jiko liko wapi. Lakini msimamizi alikuwa ameshainuka.

Msimamizi alifurahi kupita kiasi. Kwake ilikuwa dawa ya magonjwa mawili: ugomvi utakwisha na wapangaji watanyamaza. Akatangaza kwamba kuanzia wiki inayofuata jozi zote zitafanya kazi kimya kimya, kwa macho na mazoea, kama wale wawili. Na kwamba wenye jengo jipya kuliko yote tunayoyasafisha watakuja kutazama jozi ya mfano, kisha wataamua kama watatupa majengo yao mengine.

Nilimfuata ofisini siku ile ile. Nikamwambia, "Bosi, wale hawaaminiani. Wale wamenuniana tangu mama yetu afariki. Kimya kingi kina mshindo mkuu, utatuua watu." Akanitazama kwa huruma ile inayoudhi. Akasema, "Pole kwa msiba, najua bado una uchungu. Lakini macho yangu yameona. Mambo ya familia myamalize nyumbani." Nikamwambia nyumbani kwenyewe ndiko yalikokwama. Akashika simu akajifanya anapiga.

Haikupita wiki, Mapacha wakajaribu kimya. Mmoja alikunja shingo kumtazama mwenzake, mwenzake akadhani ameitikia kwa kichwa. Bembea ikalala. Wao walibaki wananing'inia kwenye kamba zao kama nguo zilizoanikwa, wanalia, hawakuumia. Ndoo ndiyo iliyoanguka. Ilitua kwenye njia ya miguu, karibu na mama aliyebeba mtoto, maji ya sabuni yakamrukia mpaka usoni. Nilishuka ngazi zote mbio nikamkuta amekaa chini kajishika kifua, anamwuliza kila mtu, "Mtoto mzima? Mtoto mzima?" na mtoto anacheka na mapovu.

Msimamizi alisema Mapacha ni wazembe, wakaangalie wanaojua. Siku ya wageni ilibaki pale pale.

Jengo lenyewe lina ukingo wa zege uliochomoza katikati, unazunguka pande zote. Kamba za usalama zinazotoka kwangu paani zinaishia pale. Bembea ikiupita inavutwa ndani, chini yake, na kila msafishaji anafungua kulabu ya mkanda wake kutoka kamba ya juu na kuifunga kwenye kamba nyingine iliyoshikwa na pete za ukingo wenyewe. Kati ya kufungua na kufunga, mtu hajashikwa na kitu chochote. Ni muda mfupi, ila ndio huo. Na bembea ikiwa chini ya ukingo, mimi kutoka paani siwaoni. Siku zote pale niliwasikia tu: "Tayari?" "Bado, shemeji, ngoja." "Tayari?" "Tayari." Ilikuwa inanitosha.

Asubuhi ile nyumbani nilimfunga mume wangu vifungo vya ovaroli, jambo nisilolifanya tangu msiba. Nikamwambia, "Pale ukingoni lazima utie mguu pembeni ndipo uifikie kamba ya pili. Mguu huo utagonga sakafu. Atadhani umesema tayari." Macho yake yalikuwa mlangoni. Nikasema, "Unanisikia au na mimi umeninunia?" Akasema, "Nakusikia." Alikuwa amekonda, sikuwa nimeona vizuri mpaka pale nilipokuwa namfunga vifungo. Hasira zangu zote zikanishuka miguuni, ikabaki hofu.

Wageni walikuwa ndani, nyuma ya vioo, na vikombe vyao. Msimamizi alikuwa nao. Bi Duara alipanda paani kwangu, akasema kutoka huku ndiko anataka kuona. Bembea ikaanza kushuka. Kisigino, kisigino, wanateremka. Kisigino, kisigino. Vioo vinang'aa nyuma yao. Bi Duara akaniuliza polepole, "Hawa ni nini kwako?" Nikasema, "Huyu mume wangu, yule tumezaliwa tumbo moja." Akauliza, "Na wao wenyewe ni nini?" Nikarudisha macho kwenye nyaya.

Bembea ikafika ukingoni, ikaingia chini. Sikuona tena mtu. Nikazima swichi.

Mota zilinyamaza na upepo ukasikika. Nikalala kifudifudi kwenye ukingo wa paa, mkanda wangu umefungwa, nikaita kwa sauti niliyopewa na mama yangu, maana naye alikuwa na sauti ya kuita watoto mtaa wa tatu. "Umeme nimezima mimi. Sitawasha mpaka nisikie mnaulizana."

Simu ikaanza kulia mfukoni, msimamizi. Nikaipokea. "Nini kimeharibika?" Nikasema, "Hakuna kilichoharibika, wanazungumza." Akasema wageni wanatazama dirisha tupu, washa mara moja, la sivyo kesho usije. Nikampa Bi Duara simu. Sijui alimwambia nini, nilimsikia akisema, "Hapana, muache. Nilikosea mimi," na kitu kingine upepo ukakichukua.

Mdogo wangu akapaza sauti kutoka chini ya zege. "Dada, usitutie aibu. Washa."

"Niwashe nini? Mwulize mwenzako."

"Tuko sawa huku."

"Umemwuliza?"

Nikasema, na sasa nilikuwa nalia, sikujali nani ananisikia, "Nimezika mmoja kwa sababu yenu kunyamaza. Siziki mwingine. Nitalala hapa hapa, swichi chini ya kifua changu. Mwulize."

Sijui nilingoja muda gani. Chini barabarani magari yalipita, mtu akapiga honi, kengele ya shule ikalia. Kisha nikamsikia mdogo wangu, sauti imekauka, kama mtu anayesoma neno asilolijua.

"Tayari?"

Hakuna jibu. Nilihesabu pumzi zangu nikapoteza hesabu. Nikamwambia mume wangu moyoni, sema, hata tusi, sema.

Mdogo wangu akauliza tena, polepole zaidi. "Shemeji. Tayari?"

Na mume wangu akasema, "Bado."

Nikasikia kulabu ikigonga chuma, ikateleza, ikagonga tena. Alikuwa hajajifunga. Wakati wote ule tuliokuwa tukibishana alikuwa amesimama mguu mmoja nje, mkono mmoja kwenye pete, hajashikwa na kitu, na alikuwa amenyamaza. Bi Duara alijishika mdomo. Mimi nilibonyeza uso wangu kwenye zege mpaka paji likachubuka, alama yake ninayo.

"Sawa," mdogo wangu akasema. "Nangoja."

Kulabu ikalia kwa kufunga. "Tayari," akasema mume wangu. Nikanyanyuka, nikawasha.

Walimaliza jengo lote wakiulizana. Hawakutaniana, hawakuongeza neno. Tayari, tayari, bado, nangoja, tayari. Wageni waliondoka kabla hawajafika chini, na msimamizi alipita mbele yangu bila kunitazama, akaniambia niripoti ofisini kesho asubuhi. Kwa namna alivyolisema, nilijua ofisini kuna nini.

Niliwakuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Wengine walikuwa wameshatoka, au walitoka waliponiona mlangoni. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye benchi, ameinama anafungua buti. Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele yake, kofia mkononi. Pale pale, benchi lile lile.

"Neno lenyewe ni hilo tu," mdogo wangu akasema. "Bado. Fupi hivyo."

Mume wangu aliacha kamba za buti.

"Ungeniambia siku ile, shemeji. Ningetafuta mtu mwingine. Ningebaki mimi."

"Ungeniuliza mara ya pili," mume wangu akasema. "Nilikufundisha uulize tena."

Mdogo wangu aliiweka kofia sakafuni. Kisha akakaa kwenye benchi, si karibu, lakini benchi hilo hilo. Mume wangu alikuwa akilia bila sauti, mabega tu. Nilibaki mlangoni. Hakuna aliyeniita niingie, na mimi sikuuliza.